Jina la kilima si herufi za ramani

TUNAPOZUNGUMZIA kifo cha lugha, aghalabu huwa tunahesabu wasemaji. Ni nadra kuhesabu vilima na vijito. Lakini lugha hufa huko pia, siku anapoaga mzee wa mwisho anayejua kwa nini kijito fulani kinaitwa hivyo. Mfano mzuri ni Ireland ya karne ya 19, ambako majina yalirekodiwa kwa ustadi mkubwa na bado yakaumia.

Mnamo 1824, Uingereza ilianza kuipima Ireland nzima kwa ramani za inchi 6 kwa kila maili. Nia haikuwa lugha, ilikuwa kodi. Ili kodi ya ardhi ikadiriwe sawasawa, ilibidi jina na mipaka ya kila kitongoji vijulikane, na vitongoji vyenyewe vilizidi 60,000. Wapimaji wengi walikuwa wanajeshi wasiojua Kigaeli. Mtu aliandika alichodhani amesikia.

Ndipo mwaka wa 1830 akaajiriwa John O'Donovan, msomi mzawa wa Kilkenny. Alizunguka parokia baada ya parokia akiwasikiliza wazee wakitamka majina, kisha akayalinganisha na hati za kale.

Kwani matamshi yana uzito gani? Hebu tuchukue maneno mawili: cill, yaani kanisa, na coill, yaani msitu. Kwa Mgaeli, sauti ya k katika neno la kwanza si ile ya neno la pili. Sikio la Kiingereza halikuipata tofauti hiyo, na mara nyingi yote mawili yakaandikwa Kil. Ni kama mgeni anayeandika ng'oa na ngoa kwa herufi zile zile, kisha akashangaa mbona hatumwelewi. Basi Kilmore laweza kuwa kanisa kubwa au msitu mkubwa. Ramani haisemi, mzee wa pale ndiye ajuaye. Nacho kilima, cnoc, kikageuzwa Knock, neno ambalo kwa Kiingereza ni kubisha mlango, na ile k ya mwanzo ikanyamaza kabisa.

O'Donovan aliyajua haya yote. Umbo la Kigaeli alilihifadhi katika Vitabu vya Majina, lakini lililochapishwa ramanini ni umbo la Kiingereza. Vijito vidogo, miamba na makonde vilivyokuwa na majina yao vingi havikuingia ramanini, maana ati havikuhitajika katika hesabu ya kodi.

Kazi ya ramani ilikamilika 1846. Viazi vilikuwa vimeanza kuoza mwaka uliotangulia. Kufikia 1852, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni moja wamehama, na maeneo ya Kigaeli ndiyo yaliyoathirika zaidi. Wengi wa wale waliostahili kuulizwa jina la kijito hawakuwapo tena.

Tume ya majina ya mahali iliyoundwa Ireland mwaka wa 1946 ilikuwa na kibarua cha kutafuta maumbo ya Kigaeli, na Vitabu vya Majina ni miongoni mwa hazina zinazotegemewa katika kazi hiyo. Ramani iliyogharimu fedha nyingi haikutosha. Daftari la aliyesikiliza ndilo lililookoa jahazi.

Funzo kwa mtafiti wa majina ni wazi. Rekodi sauti ya msemaji, andika maana anayoitoa, kisha ndipo ufikirie tahajia. Na usiishie kwenye miji. Uliza jina la kijito, hata kama hakilipi kodi.