Wanyama Wakali Mikononi mwa Watu: Kutoka Ngome ya London hadi Kora

Tangu zamani za kale wafalme wamependa kufuga wanyama wakali, si kwa haja ya nyama wala ya kazi, bali kwa kudhihirisha adhama yao. Kwani mtu awezaye kumtia simba mnyororo aghalabu hudhaniwa na raia zake kuwa hapana kiumbe asichoweza kukitiisha. Desturi hii imeenea katika dola nyingi, lakini ni nadra kupata mji ambao historia yake yote, kutoka kasri hadi dukani, na kutoka dukani hadi mbele ya sheria, yaonekana waziwazi kama London.

Mwaka 1235 Kaisari Frederick wa Pili alimpelekea Mfalme Henry wa Tatu wa Uingereza hidaya ya chui watatu, nao wakawekwa katika Ngome ya London. Mwaka 1252 akaja dubu mweupe kutoka Norwei, na mwaka 1255 tembo, tunu ya Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa. Wakuu wa mji waliamrishwa kumnunulia dubu yule mnyororo na kifungo cha mdomo, pamoja na kamba ndefu iliyo imara, ili apate kushuka katika Mto Thames kuvua samaki hali amefungwa. Tembo naye alijengewa banda maalumu, akatazamwa na halaiki ya watu, na kabla ya miaka mitatu kutimia akafa. Fahari ilikuwa ya mfalme. Mateso yalikuwa ya mnyama. Hata hivyo mahali pale paliendelea kuwekwa wanyama hadi mwaka 1835.

Kufikia wakati huo, jambo lililokuwa la wafalme lilikwisha kuwa biashara. Meli zilizorudi kutoka Afrika na Bara Hindi zilishusha simba na chui pamoja na shehena nyingine, na mwenye fedha alijichagulia ampendaye. Mashuhuri miongoni mwa wafanyabiashara hao alikuwa Charles Jamrach, mwenye asili ya Ujerumani, aliyekuwa na duka mashariki ya London. Mwaka 1857 chui-milia aliyeletwa kwake alivunja sanduku lake, akatoka njiani. Mtoto mmoja wa kiume, ambaye hakupata kuona mnyama kama yule wala hakujua la kuogopa, alinyosha mkono ampapase. Mara akaangushwa na kubebwa mdomoni. Jamrach alimkimbilia mnyama, akamkaba shingo kwa mikono yake, na baada ya kupigwa kwa mtaimbo chui-milia akamwachia mtoto, naye akasalimika. Mahakama ilimtoza Jamrach fidia. Lakini mnyama yuleyule akanunuliwa na wenye maonyesho ya wanyama, watu wakatoa fedha zao ili wamtazame. Hatari yenyewe ilikuwa imemzidishia thamani.

Miaka mia na zaidi baadaye, mwaka 1969, vijana wawili kutoka Australia walimnunua mwanasimba katika duka la Harrods, wakamwita Christian, wakakaa naye katika mtaa wa Chelsea. Walimpenda kwa mapenzi ya kweli, lakini mapenzi hayamzuii simba kukua, na haukupita muda mrefu ikabainika kuwa London si makao yake. Mwaka 1970 akasafirishwa hadi Kenya kwa George Adamson, ambaye pamoja na mkewe Joy walikuwa wamejulikana duniani kote kwa habari za simba Elsa waliyemlea, naye akamzoeza maisha ya porini huko Kora, kandokando ya Mto Tana.

Watu wengi hukumbuka jinsi Christian alivyowakumbatia wenyewe wa zamani walipomzuru mwaka 1971. Ni wachache wakumbukao kwamba mwaka huohuo, palepale Kora, simba aliyeitwa Boy, aliyelelewa na watu kwa miaka mingi, alimuua mfanyakazi mmoja wa kambi, na Adamson mwenyewe ikamlazimu kumpiga risasi. Ikiwa mtu aliyewajua simba kuliko karibu watu wote wa zama zake hakuweza kuidhamini tabia yao, seuze mwenye ua na seng'enge katika mtaa wa mji?

Hatimaye, mwaka 1976, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumtaka kila mwenye mnyama wa hatari apate leseni ya halmashauri, mahali pa kumweka mnyama pakaguliwe na daktari wa wanyama, na awe na bima ya madhara yatakayowafika wengine. Tangu mkasa wa Jamrach ilikuwa imepita miaka 119. Marekani ilichelewa zaidi. Oktoba 2011, karibu na Zanesville katika jimbo la Ohio, mtu mmoja alifungua vizimba vyake kisha akajiua, na polisi wakalazimika kuwaua wanyama wapatao 50, wakiwamo chui-milia 18. Sheria ya nchi nzima ya kuwazuia watu binafsi kufuga simba, chui-milia na jamii yao ilitiwa saini Desemba 2022.

Leseni na bima zina faida, lakini hazibadili maumbile. Mnyama mkali hana haja ya bwana, wala jirani hakuridhia kuwekwa katika hatari kwa ajili ya fahari ya mwenzake. Kwa hiyo, msomaji, popote utakapoitwa kulipa ili upigwe picha umempakata mwanasimba, kataa. Maana fedha hizo ndizo zinazomfanya azaliwe kizimbani.