Santuri ya "Masanga" na Kiswahili cha Katanga

Mnamo mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika ya Kati na mitambo yake ya kunasia sauti, alimrekodi kijana mmoja mpiga gitaa huko Jadotville, mji wa migodi ambao siku hizi huitwa Likasi. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Wimbo wake "Masanga" ulitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg katika santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ukapata Tuzo ya Osborn kwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka huo. Upande mmoja wa santuri za namna hiyo hauzidi sana dakika tatu. Zilitosha kumtoa Mwenda Katanga na kumfikisha, mwaka 1969, katika tamasha la Newport huko Marekani.

Sifa hizo zililiangukia zaidi gitaa, na si bure. Kidole gumba hutembeza sauti za chini, kidole cha shahada hujibu juu, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. David Rycroft aliuchambua upigaji huo nota kwa nota katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Maneno hayakupata bahati hiyo. Nyimbo nyingi za Mwenda ni za Kiswahili, lakini si kile kilichosanifishwa kwa msingi wa Kiunguja na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Ni Kiswahili cha kambi za Union Minière na cha mitaa ya Elisabethville, yaani Lubumbashi tangu mwaka 1966. Lugha ya wafanyakazi waliotoka makabila mbalimbali, na ambayo wengi wa watoto wao waliikuta nyumbani kama lugha ya kwanza. Wasomi wa mashariki walizoea kuiona kuwa Kiswahili kilichoharibika. Hata hivyo, Mwenda alipofika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, hakuhitaji mkalimani. Vijana wa Kenya waliokuwa wakifundishwa Kiswahili sanifu darasani walijifunza gitaa kwa santuri zilizosema vingine.

Ndiyo sababu anayeyaandika maneno ya nyimbo hizo hana budi kujihadhari. Mtu wa Lubumbashi husema *batu*, wala si *watu*; kumsahihisha ni kuondoa ushahidi wa historia yake. Mwenda, aliyefariki katika ajali ya barabarani nchini Zambia mwaka 1990, alijulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke, kwa kabila la Msiri, mtawala wa Bunkeya ambaye asili yake ni Unyamwezi. Kwa Kiswahili sanifu ingepasa kuandikwa "wa Wayeke". Hakuna aliyethubutu.