Shamba Hulimwa kwa Zamu

Somo: Kutoka 18:13–24



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya uchovu. Si uchovu wa mtu aliyelima mchana kutwa, kwa maana huo huisha akilala. Twasema juu ya uchovu wa mtumishi wa kanisa ambaye huamka asubuhi akiwa amechoka vilevile alivyolala. Hodi ikipigwa mlangoni, moyo wake hushtuka. Akiitwa kwa mgonjwa huenda, lakini midomo ndiyo iombayo, moyo uko mbali. Watu humwita mwaminifu. Yeye mwenyewe ajua kwamba moto umebaki majivu.

Mwaka 1974 mtaalamu mmoja wa Marekani, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu waliojitolea kuwahudumia maskini katika zahanati ya bure mjini New York. Aliona kwamba waliopatwa na hali hii hawakuwa wavivu. Walikuwa wale wenye bidii kuliko wengine, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja dalili zake tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuona kwamba afanyayo hayana faida tena.

Lakini jambo hili lilionekana jangwani zamani sana. Musa aliketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Mkwewe Yethro alipomwona hakumsifu. Alimwambia wazi kwamba njia hiyo si njema, kwa kuwa itamchosha yeye pamoja na watu wake. Kisha akamshauri achague watu wacha Mungu, wagawane mzigo.

Ndugu zetu, sisi wa Kisii na Nyamira tulikuwa na shauri kama la Yethro kabla hatujasoma Biblia. Wazee wetu walijua kwamba mlima hauliwi na jembe moja. Walikuwa na egesangio, kikundi kidogo cha majirani waliolima na kupalilia wimbi kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa jirani. Tena kulikuwa na risaga, ambapo mwenye shamba aliwaita watu wengi wa kilima chake, na kazi ikiisha akawapa chakula na pombe. Hakuna aliyeona haya kuita wenzake. Aliyeachwa alime peke yake ndiye aliyehurumiwa.

Kisha kazi ya misheni ikafika. Mwaka 1911 Wakatoliki walifungua kituo Nyabururu, na muda mfupi baadaye Waadventista wakafungua chao Nyanchwa. Mnamo Septemba 1914 vita vya Waingereza na Wajerumani vilifika mji wa Kisii, na vituo hivyo viliporwa. Ilibidi kazi ianzwe upya. Mwaka 1948 Walutheri kutoka Sweden walianza kazi Itierio. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mwito wa Harambee ukatuita tujenge shule na zahanati, na watu wa kanisa walishika jembe mbele. Mwaka 1999 Ukimwi ulitangazwa kuwa janga la taifa, nasi tukawa na wagonjwa wa kutembelewa na yatima wa kulishwa. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, nyumba zilichomwa katika mpaka wa Borabu na Sotik, na jamaa zetu wengi walirudi kutoka Bonde la Ufa mikono mitupu.

Kila kizazi kiliongeza mzigo. Je, kiliongeza na mabega? Wakristo tuliikataa pombe ya risaga, na tulifanya vema. Lakini zamu nayo tuliikataa kwa nini?

Twamkumbuka mama mmoja wa kanisa letu, ambaye hatutamtaja jina. Wakati ule wa wakimbizi alilaza familia mbili nyumbani kwake. Alipika, aliomba nguo nyumba kwa nyumba, alizika. Tena alikuwa mweka hazina wa akina mama na mwalimu wa shule ya Jumapili. Kila tulipokosa mtu wa kazi, tulisema, "Mpeni mama yule, yeye hakatai." Jumapili moja aliweka funguo za kanisa juu ya meza, akaenda zake, asirudi kwa miezi mingi.

Sisi tulisema, "Amerudi nyuma." Tulimwombea atubu. Hatimaye wazee walikwenda kumwona, wakamkuta akichuma mboga. Akawauliza kwa upole, "Baba zangu, mmekuja kuniombea, au mmekuja kunisaidia?" Hawakuwa na jibu. Siku ile tulifahamu ni nani aliyepaswa kutubu.

Eliya naye alilala chini ya mti akitamani kufa. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili, ndipo akasema naye juu ya safari. Na baadaye alimpa Elisha, asibaki peke yake. Bwana Yesu naye, mitume waliporudi kutoka kazini, aliwaita faraghani wapumzike kidogo. Ikiwa Bwana mwenyewe aliwaita wapumzike, sisi ni nani hata tuwaonee aibu wapumzikao?

Basi tufanye nini? Kwanza, mtu mmoja asishike kazi tatu huku watano wamekaa. Kazi iwe na muda wake, na muda ukiisha jembe lipokewe na mwingine, hata kama kijana huyo atalima mistari iliyopinda kidogo. Atajifunza. Pili, mtumishi awe na siku ya kupumzika ambayo kanisa zima laijua na kuiheshimu. Tatu, wazee wawaulize watumishi, "U hali gani?" kabla ya kuuliza, "Kazi imefika wapi?"

Nawe uliyechoka, usingoje mpaka uweke funguo mezani. Waite majirani. Kuita wenzako si ukosefu wa imani. Shamba hili ni la Bwana, naye hakulikabidhi kwa mtu mmoja.

Yule mama alirudi, lakini hakurudishiwa kazi zote. Alichagua moja, kuwafundisha watoto. Zile nyingine zilipata watu. Kumbe walikuwapo siku zote, hawakuwa wameitwa.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe tuliowaacha wenzetu walime peke yao. Uwape raha waliochoka, nasi utupe moyo wa kupokea jembe. Kwa jina la Yesu. Amina.