Tarehe ya York Zama za Waviking

Kabla ya kuja Waviking, mabaharia wa Skandinavia, York ulikuwa mji mkuu wa Northumbria, ufalme wa kaskazini mwa Uingereza. Askofu mkuu alikaa hapo, na katika shule yake alisoma Alcuin, mwanachuoni aliyekuja kuwa mwalimu katika jumba la mfalme Charlemagne. Mwaka 793 Waviking wakashuka Lindisfarne, kisiwa cha watawa katika ufalme huo huo, wakaua na kupora.

Mwaka 865 likaja jeshi lao kubwa, likatua East Anglia, mashariki mwa Uingereza. Wenyeji wakaomba amani, wakatoa farasi. Mwaka uliofuata jeshi likapanda kaskazini, likakuta Northumbria ina wafalme wawili: Osberht aliyepinduliwa, na Ælla aliyekalia kiti chake bila kuwa wa ukoo wa kifalme. Wakati hao wanagombana, Waviking wakautwaa mji wa York tarehe 1 Novemba 866. Mahasimu wakapatana, maji yamekwisha kumwagika. Machi 867 wakaushambulia mji, baadhi ya askari wao wakapenya kuta, na wafalme wote wawili wakauawa.

Waviking wakamtawaza Ecgberht, mwenyeji, atawale kwa amri yao. Mwaka 876 kiongozi wao Halfdan akawagawia watu wake mashamba, wakaanza kulima. Waliokuja kupora wakawa wenye ardhi. Mfalme wao Guthfrith alipofariki mwaka 895, alizikwa katika kanisa kuu la York.

Ufalme wa zamani ulikufa, lakini mji ukanawiri. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua mtaa wa Coppergate, 1976 hadi 1981, walikuta karakana za mafundi: waliokereza vikombe vya mbao, waliochonga vitana vya pembe, walioshona viatu na waliosugua kaharabu. Palikuwa na hariri, na pia kauri ya aina ipatikanayo Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Sarafu za mji zilibeba jina la Mtakatifu Petro, na baadhi zilichorwa upanga pamoja na nyundo ya Thor, mungu wa Waviking.

Huko kusini, mfalme Edmund wa East Anglia aliuawa na Waviking mwaka 869, na mfalme Burgred wa Mercia akakimbilia Roma mwaka 874. Ukabaki ufalme wa Wessex peke yake, na wafalme wake wakaanza kuzitwaa nchi ambazo wenyewe hawakuwapo tena kuzidai. Mwaka 927 mmoja wao, Athelstan, akaingia York. Alipofariki mwaka 939, mfalme Mviking Olaf Guthfrithson akaja kutoka Dublin, akautwaa, na kwa miaka kumi na mitano kiti kikawa cha kunyang'anyana.

Mwaka 954 watu wa Northumbria wakamfukuza Eric, mfalme Mviking wa mwisho wa York, naye akauawa Stainmore. Eadred wa Wessex akaushika mji, akamweka Oswulf wa Bamburgh awe liwali wake. Tangu hapo York haukuwa tena na mfalme wake. Ukawa mji wa ufalme mmoja wa Uingereza.