Mshubiri wa Uani

Mimea ya dawa ipandwayo uani katika pwani yetu ni mingi, lakini michache ina historia ndefu kama mshubiri. Huu ni mmea udumuo miaka mingi. Hustahimili kiangazi, na vichipukizi vyake hung'olewa vikapelekwa kwa jirani, hata shina moja likazaa bustani za mtaa mzima.

Jina lake limetokana na Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupatia neno subira. Asemaye kwamba jambo ni chungu kama shubiri, na asemaye kwamba subira huvuta heri, wote wawili wachota katika kisima kimoja.

Katika karne ya 1, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki, ule ule unaoitaja Rhapta ya pwani yetu, ulisema kwamba bandari ya Kane, kusini mwa Uarabuni, ilisafirisha ubani na shubiri. Al-Masudi, aliyesafiri kutoka Kanbalu kwenda Omani mwaka 916, alisimulia kwamba Aristotle alimshauri Alexander atwae kisiwa cha Sokotra kwa ajili ya shubiri. Kisa hicho twakitilia shaka. Hata hivyo chaonyesha thamani ya bidhaa yenyewe. Katika karne ya 19 wauza dawa wa Ulaya walinunua "shubiri ya Zanzibar", ambayo mara nyingine ilifungwa katika ngozi za kima. Tusidhani kwamba yote ilivunwa Unguja: bandari ndiyo iliyoipa jina.

Nyumbani, elimu ya mmea huu ilikuwa mikononi mwa akina mama. Aliyetaka kumwachisha mtoto ziwa alijipaka utomvu wake. Mtoto akionja mara moja, hakurudia. Wafugaji nao hutia majani yaliyopondwa katika maji ya kuku wakati wa kideri.

Yafaa mwanafunzi atambue kwamba jani lina maji ya aina mbili. Ute mweupe wa ndani hutuliza ngozi iliyoungua kidogo. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ni haluli kali, na mja mzito hapaswi kuunywa. Marekani iliuondoa mwaka 2002 katika haluli ziuzwazo bila cheti cha daktari.

Mshubiri wa porini umepata taabu nyingine. Mvunaji wa uani hukata jani la nje akaliacha shina. Mvunaji wa biashara aghalabu hung'oa mmea mzima. Ndiyo maana Kenya, mwaka 1986, ilipiga marufuku biashara ya mishubiri ya porini kwa amri ya Rais.