Gauni la Marinda ya Tabaka

Gauni la marinda ya tabaka ni vazi la kike ambalo sehemu yake ya chini haikukatwa katika kipande kimoja, bali imeungwa kwa mikanda miwili, mitatu au zaidi, kila mkanda ukiwa mrefu kuliko ule ulio juu yake, kisha ukakusanywa marinda hata ukalingana nao, nguo ikateremka kutoka kiunoni ikipanuka daraja kwa daraja. Kwa mwambao wa Kilwa na Lindi ni libasi ya kufaa sana, kwani hupitisha hewa wakati wa joto na kumsitiri mvaaji bila ya kumbana.

Nguo si jambo geni huku. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani vimefukuliwa vijigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi, na karne ya 19 ikaleta merikani, nguo ya pamba isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya Massachusetts, Marekani. Na kwa sadfa ni katika jimbo hilohilo ndiko fundi Ebenezer Butterick alikoanza, mwaka 1863, kuuza vigezo vya karatasi vilivyokatwa kwa saizi mbalimbali. Kigezo ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi wa cherehani, lakini kimetungwa kwa mwanamke wa kukadiriwa, ilhali anayesimama mbele ya fundi ana bega lake, kifua chake na mwendo wake. Kwa hiyo karatasi haina budi kuufuata mwili.

Hesabu ya tabaka ndiyo roho ya mshono huu. Kanuni iliyozoeleka ni kuzidisha kila mkanda mara moja na nusu: kiuno cha inchi 28 huzaa mkanda wa kwanza wa inchi 42, wa pili 63, na wa tatu takriban 94. Lakini kitenge kina upana wa karibu inchi 45, na vipande viwili vikiungwa duara hubakisha inchi 88 tu. Fundi mwenye busara huridhika na hizo kuliko kukata kipande cha tatu kwa ajili ya inchi sita, kwa maana jicho halitaitambua tofauti hiyo. Urefu nao usigawanywe sawasawa. Kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu, ikiwa ni inchi 39, inchi 11, 13 na 15 hupendeza kuliko 13 mara tatu, kwa sababu tabaka zilizo sawa humfanya mvaaji aonekane mfupi.

Marinda huvutwa kwa mishono mirefu ya mistari miwili, iliyoachana robo inchi. Kabla ya kuvuta, mkanda wa juu na wa chini hugawanywa robo nne na kutiwa alama za chaki, pini zikaunganisha robo kwa robo, kisha uzi wa chini ukavutwa taratibu na mikunjo ikasambazwa kwa vidole. Asiyegawanya robo atakuta marinda yamejazana nyuma na mbele pametanda kama shuka. Atumiaye khanga akate kwa urefu wake, pindo na jina viangukie tabaka ya mwisho, naye akubali kwamba baadhi ya herufi zitamezwa na mikunjo.

Kujaribisha hufanywa kwa bandi, kabla ya mashine kupita. Mwanamke husimama pekupeku, amelegeza mabega, akiwa amefungwa utepe kiunoni. Kaba ikimkaba shingo au kikwapa kikimvuta anapoinua mkono, bandi hufumuliwa bila hasara. Mwenye makalio makubwa huona nguo imepanda nyuma, na hapo wengi hukosea kwa kurefusha tabaka ya chini, na mistari yote ikaenda mshazari. Dawa yake ni kuongeza kitambaa juu, kwenye mkanda wa kwanza, upande wa nyuma, tabaka nyingine zikabaki salama.

Upindo hauna haraka. Gauni litundikwe usiku kucha, uzito wa marinda uvute mishono hadi mwisho wake, na asubuhi mvaaji asimame tena, rula iwekwe wima sakafuni na chaki ipite mzunguko mzima kwa kimo kimoja. Ndipo kitambaa hukunjwa kwa kufuata alama hizo, hata kama mbele na nyuma zimetofautiana kwa inchi nzima.