Darasa Hili ni la Nani? Pesa za Baraza na Shule Zetu Kakamega

Leo tuongee historia kidogo na usiogope, haina mtihani. Mimi mwenyewe chuo niliacha katikati, kwa hivyo sina cheti cha kukutishia nacho.

Ukipita shule yoyote ya msingi huku Shinyalu, hebu soma kuta. Darasa hili limeandikwa limejengwa na NG-CDF. Lile na kanisa. Lile la zamani, lenye mabati ya kutu, halijaandikwa kitu, maana lilijengwa na wazazi na wazazi hawana rangi ya kujiandika. Halafu pembeni kuna darasa la chekechea la kaunti. Uwanja ni mmoja na geti ni moja, lakini wenyewe ni wengi. Na paa likianza kuvuja, kila mmoja anakuonyesha mlango wa mwenzake.

Haikuwa hivi siku zote.

Shule za kwanza huku zilikuja na wamisheni: Waquaker Kaimosi mwaka wa 1902, Wakatoliki Mukumu miaka michache baadaye. Zilifundisha vizuri, lakini ulisoma kwa masharti ya dhehebu. Kisha sheria ya 1924 ikaleta mabaraza ya wenyeji, yale yaliyoitwa Local Native Councils. Letu lilikuwa la North Kavirondo, makao yake Kakamega. Nisikudanganye, halikuwa bunge la wananchi. Mwenyekiti alikuwa DC mzungu na machifu walijaa ndani. Lakini lilikuwa na nguvu moja ya maana: liliruhusiwa kukusanya ushuru wake, juu ya kodi ya serikali, na kupiga kura utumike wapi.

Na wazee wetu walitaka nini? Shule ambayo si ya misheni yoyote. Pesa za baraza zilisaidia kuizaa, na mwaka wa 1932 Government African School Kakamega ikafunguliwa. Unaijua. Ni Kakamega School, hao Green Commandos unaowashangilia kwenye mpira. Kabla haijawa ya serikali kwa jina, ilikuwa ya mlipa ushuru wa kijijini kwa mfuko.

Sasa sikia kitu kingine cha mwaka huohuo. Dhahabu ilikuwa imeonekana Kakamega mwaka wa 1931, na Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi ili wachimbaji wapewe mashamba bila mwenye shamba kutafutiwa shamba lingine, na bila baraza kuulizwa kwanza. Yaani baraza liliweza kuchangia shule lakini likarukwa kwenye ardhi. Kwa hivyo siko hapa kusema zamani kulikuwa kuzuri. Pia ile shule ilikuwa ya wavulana wachache, na ushuru ulitoka kwa wengi. Ninachosema ni kwamba ulijua ni baraza gani lilikula pesa yako na lilifanya nini nayo.

Uhuru ukaja mwaka wa 1963 na mabaraza ya kaunti yakapewa elimu ya msingi, afya na barabara. Miaka ikasonga, mengi yakaishiwa pesa, mishahara ya walimu ikachelewa. Badala ya kuyatibu, Nairobi ikayanyang'anya kazi. Sheria ya 1969, iliyoanza kufanya kazi Januari 1970, ikahamisha elimu ya msingi, afya na barabara hadi serikali kuu, ikibakisha manispaa chache kama Nairobi na Mombasa. Hata ile kodi ya kichwa iliyokuwa ikiyalisha mabaraza ikahama.

Mamlaka yakaenda, lakini bili ikabaki kijijini.

Mwaka wa 1974 karo ilifutwa kwa darasa la kwanza hadi la nne. Watoto wa shule za msingi nchini wakaruka kutoka kama milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.8 kwa mwaka mmoja. Wakae wapi? Shule zikaanza kutoza ada ya ujenzi, na kwingi ilizidi ile karo iliyofutwa. Watoto wengi wakarudi nyumbani. Mwaka wa 1985 ikaja 8-4-4, ikataka karakana. Nani alijenga? Mzazi. Mwaka wa 2003 elimu ikawa bure tena, shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka, za vitabu na matumizi ya shule, si za kujenga darasa jipya. Mwaka huohuo CDF ikazaliwa, na darasa likageuka zawadi ya mheshimiwa.

Katiba ya 2010 ilirudisha serikali karibu, lakini kuhusu shule iligawa kwa kisu. Kaunti ilipewa chekechea na vyuo vya ufundi vya kijijini. Msingi na sekondari zikabaki Nairobi. Ndiyo maana MCA wako anaweza kupitisha bajeti ya darasa la watoto wa miaka minne, lakini la kaka yao mkubwa, hatua ishirini kutoka hapo, si kazi yake.

Unaweza kusema haya ni mambo ya karatasi tu. Hapana. Tarehe 3 Februari 2020, watoto zaidi ya 12 walikufa Kakamega Primary wakikanyagana kwenye ngazi za jengo la ghorofa baada ya masomo ya jioni. Aprili 2023, hapa kwetu Mukumu, shule ya wasichana ilifungwa baada ya ugonjwa kuua wanafunzi na mwalimu, na wizara ya afya ikapata vijidudu vya uchafu wa maji na chakula. Ngazi na bomba la maji pia ni jengo. Ni vitu ambavyo mtu wa karibu anaviona mapema, kama ana kazi ya kuviangalia na pesa ya kuvitengeneza.

Maoni yangu ni haya. Kaunti ipewe majengo ya shule za msingi, pamoja na pesa yake, siyo kazi tupu kama ile ya miaka ya sitini. Walimu na mtaala vibaki taifa. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF inakiuka katiba, kwa hivyo swali la nani ajenge darasa liko mezani tutake tusitake.

Mkutano wa bajeti ukiitwa wadi yako, iwe Murhanda au Isukha yoyote ile, nenda. Usiulize tu "mtatujengea lini?" Uliza darasa bovu la shule yenu liko kwenye vitabu vya nani, na jina hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.